Alama za Harufu

Kariakoo ina maua. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapoeleza kwamba nimekuwa jaji wa mashindano ya bustani kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu, watu hudhani nazungumzia Oysterbay au Masaki, kwenye nyua pana zenye watunza bustani wa mshahara. Nazungumzia Mkunguni, Sikukuu, Narung'ombe, Swahili na Mchikichi, mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, ambayo saa nne asubuhi mkokoteni haupiti bila mwenyewe kupaza sauti, na ambako ardhi ya kuweka meza moja ya biashara inagombewa na watu wazima. Maua yapo kwenye ndoo za rangi zilizopangwa ngazini, kwenye madumu yaliyokatwa nusu, kwenye mabeseni yaliyopasuka, na juu ya mapaa kando ya matangi ya maji. Anayepita na mzigo kichwani hayaoni, maana macho yake yako kwenye visigino vya aliye mbele yake.

Nilikuwa mjumbe wa nyumba kumi, nikaingia kamati ya mtaa, na baadaye nikawa mwenyekiti wa mtaa. Nimeandika barua za utambulisho zisizo na idadi, nimesuluhisha ndoa, mirathi, na ugomvi wa maji taka. Lakini kama kuna jambo kuhusu uongozi ninaloweza kumrithisha mtu, nililipata nikiwa na karatasi ya alama mkononi, nimesimama mbele ya kopo lenye mwasumini. Watu hukuza kile unachokipa alama. Ukiwawekea kipimo kibaya watakifuata vilevile, kwa bidii ileile, na mwisho wa mwaka utakuwa na bustani usiyoitaka, huku wenye bustani wakiwa hawana kosa hata moja.

Nyumba niliyokulia ilikuwa ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma uani. Wanaoisimulia Kariakoo ya zamani hupenda kusimulia barazani, penye bao, kahawa na siasa. Wana haki, kwa kuwa TANU yenyewe ilizaliwa mitaa hii mwaka 1954, katika nyumba iliyokuwa mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Lakini maisha ya wanawake yalikuwa uani. Huko ndiko kulikuwa na meko, bomba, bafu, kamba za nguo, na huko ndiko bibi yangu mzaa mama alikopanda mimea yake. Mwasumini aliuegemeza kwenye ukuta wa bafu ili unywe maji ya kuoga. Mkilua ulikuwa kona ya mbali na jiko, maana alisema moshi unauudhi. Mrehani uliota kwenye makopo ya samli, na mchaichai ulizunguka bomba. Mtu angemwambia kwamba ana bustani, angemtazama bila kumwelewa. Kwake ule ulikuwa uani tu, na uani usio na harufu njema ulikuwa uani wa mtu mvivu.

Asumini ina saa yake. Huchumwa alasiri, jua likiwa limeanza kupoa, wakati ua bado ni tumba jeupe lililofumba. Bibi aliyatandaza matumba kwenye sinia, akayatunga kwenye uzi kwa sindano nyembamba, na usiku ulipoingia yalifunguka yakiwa tayari kichwani au kifuani mwa mvaaji. Ukingoja yafunguke mtini ndipo uyachume, umechelewa, kwa kuwa harufu yake nyingi imekwisha kwenda na upepo wa usiku. Palipokuwa na harusi mtaani, akina mama walibisha hodi tangu adhuhuri kuulizia vikuba. Bibi aliwafungia asumini pamoja na majani ya rehani na vipande vya mkadi, na waridi likipatikana aliliweka katikati. Alifunga kwa uzi wa pamba, hakutaka kabisa waya, akasema waya unaliumiza ua na unamchoma bibi harusi.

Alihukumu maua kwa pua. Alifumba macho, akalisogeza ua karibu na mdomo wa juu, akavuta pumzi mara moja tu, akatoa kauli: hili lilinyweshwa maji ya chumvi, hili lilipandwa kivulini, hili ni zuri. Kilua ndicho alichokipenda kuliko yote, na kilua hakina cha kumwonyesha mpita njia. Ua lake ni la kijani linaloelekea manjano, limejificha katikati ya majani ya rangi hiyohiyo, na jioni linatoa harufu ya matunda yaliyoiva sana. Unalisikia kwanza, halafu unaanza kulitafuta. Nilijifunza kutafuta kwa pua kabla sijajua kusoma.

Mara ya kwanza kuona maua yakihukumiwa rasmi nilikuwa binti, karani mpya katika ofisi iliyokuwa mwendo mfupi kutoka Bustani ya Mimea, ile iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa. Bustani ile Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 chini ya Profesa Franz Stuhlmann, nia yao ikiwa kujaribu mazao ya biashara ambayo yangefaa koloni. Imebaki mitende ya aina nyingi na miti ambayo hata mzee wa Uzaramo hana jina lake. Chama cha wapenda bustani kilikuwa na makao yake humohumo. Mama mmoja wa makamo, mwanachama, aliniona nikila chakula changu cha mchana chini ya miti siku baada ya siku, akaniuliza kama nina mwandiko mzuri. Nilikuwa nao. Nikawa msaidizi wake kila alipoitwa kuhukumu maonyesho.

Kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma yake na karatasi, kuandika anachotaja, na kuhakikisha kadi za majina zimelala kifudifudi ili jaji asijue ua ni la nani. Huo ulikuwa utaratibu mzuri na nimeubeba maisha yangu yote. Aliniazima pia kitabu cha mwongozo kilichotungwa na wanachama wa Chama cha Bustani cha Kenya pamoja na watumishi wa serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika, Gardening in East Africa, kilichohaririwa na Dk. A. J. Jex-Blake na kutoka mara ya kwanza mwaka 1934. Ndani yake nilijifunza kupogoa waridi, kuchanganya udongo, kujua mmea unakufa kwa kiu au kwa kuzidishiwa maji. Ni kitabu cha watu waliojua kazi yao. Lakini waliandika kwa ajili ya mwenye shamba la vilimani na nyasi mbele ya nyumba, na mtu kama bibi yangu hakuwamo katika fikra zao.

Vivyo hivyo na karatasi ya alama. Ilitaka hali ya ua, umbo, rangi, ukubwa, na kama mashina matatu yameletwa katika chombo kimoja, yawe yanafanana. Yote hayo yanapimwa kwa macho. Siku moja nilimwomba mama yule ruhusa, nikaleta asumini za nyumbani kwenye bilauri. Ilipofika saa ya majaji, joto lilikuwa limepanda na ncha za petali zimeanza kuwa kahawia. Jaji mwingine, mgeni, alipita mbele ya bilauri ile bila kusimama. Mama yangu wa maua aliinama, akanusa, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, haya ni mazuri kuliko yote humu, ila karatasi haina mahali pa kuyaandika." Sijawahi kupata somo fupi kuliko hilo.

Miaka ya baadaye nilifahamu kwamba ua la kwetu linaweza kupanda cheo likishapatiwa karatasi yake. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara mmea mdogo wenye maua ya zambarau, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa heshima ya familia hiyo. Leo mmea ule uko madirishani Ulaya na Marekani. Wamarekani waliuundia chama chake peke yake mwaka 1946, chenye maonyesho na majaji waliofunzwa kwa ajili ya mmea huo tu, na mpangilio wa majani yake, jinsi yanavyozunguka shina bila kuacha pengo, unahesabiwa alama nyingi. Mmea uliokuwa unakanyagwa na wapasua kuni wa Usambara umepata watu wanaojadili jani lake moja moja. Tukiweza kufanyiwa hivyo na wengine, tunashindwaje kujifanyia wenyewe kwa asumini, kwa kilua, kwa mlangilangi ambao Wakomoro wanaugeuza mafuta na kuuzia viwanda vya marashi vya dunia?

Nilipochaguliwa kuwa mjumbe, mtaa wetu uliletewa agizo la mashindano ya usafi na bustani. Mambo ya kampeni hayakuwa mageni kwetu. Kizazi changu kinakumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973, jinsi redio ilivyokusanya watu wazima wakajadili choo, mbu na maji. Agizo hili lilikuja na karatasi yake ya alama kutoka ofisini, na karatasi hiyo, ingawa iliandikwa kwa Kiswahili, ilikuwa mtoto wa ile niliyoijua: wingi wa maua, rangi zake, vyungu vilivyopakwa chokaa, mawe yaliyopangwa mstari. Mshindi mmoja, zawadi moja.

Ni lazima nieleze Kariakoo inavyoshindana ili msomaji wa mbali anielewe. Hapa ndipo yalipo makao ya Simba, Mtaa wa Msimbazi, na ya Yanga, makutano ya Twiga na Jangwani, na mtoto huzaliwa akiwa tayari upande mmoja. Kabla ya mpira kutawala, wazee wetu walishindana kwa ngoma za beni, mama zetu kwa lelemama, na wapenzi wa taarabu waligawanyika kati ya Al-Watan na Egyptian. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwahamasisha wanawake kuingia TANU, alipita kwenye vikundi hivihivi vya ngoma, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa na wanachama, viongozi, sare na ari. Ushindani kwetu ni nguvu ya kujenga. Ila ukiuwekea mshindi mmoja katika mtaa ambao watu wanachangia bomba na choo, unaugeuza kuwa uadui, na uadui wa uani haumaliziki kwa dakika tisini kama mpira.

Mwaka ule wa kwanza, siku ya ukaguzi, mtaa ulipendeza kama picha ya kalenda. Vyungu vyekundu, maua makubwa makubwa, krotoni za rangi zote. Kulikuwa na jirani, fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuwa hata na mchaichai, na sasa ngazi yake ilijaa maua ya kila namna. Yeye ndiye aliyeshinda doti ya khanga na beseni. Wiki chache baadaye vyote vilikuwa vimekauka. Alikuwa amevinunua kwa wauza miche wa barabarani siku ya kuamkia ukaguzi, na hakuna kanuni aliyoivunja. Karatasi ilisema maua mengi yenye rangi, naye akaleta maua mengi yenye rangi. Aliyeshindwa alikuwa mjane wa nyumba ya tatu, mwenye mrehani, mshubiri na asumini alizozitunza kwa maji ya kuoshea mchele. Alinijia jioni, akaniuliza swali bila hasira, "Sasa mjumbe, nitupe haya nikanunue yale?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nikae na kikundi chetu cha akina mama tukaandika karatasi mpya, na nikaipeleka ofisini nikiwa tayari kuzozana. Sikuzozana na mtu, nilisikilizwa. Kwanza tuliondoa siku moja ya ukaguzi. Majaji wangepita bila kutangaza, mara kadhaa kwa mwaka, na ziara yenye alama nyingi kuliko zote ingekuwa mwezi wa pili, kabla ya masika, wakati jua la Dar es Salaam linachoma na maji ya bomba ni ya mgao. Mmea ulio hai mwezi wa pili una mtu anayeupenda, huo ndio ukweli wa bustani ya pwani. Pili, tuliweka alama kwa mmea uliozalishwa nyumbani kwa kipande cha tawi au mbegu, na alama zaidi kama mwenyewe amempa jirani mche. Mashina ya asumini yakaanza kusafiri kutoka uani hadi uani yakiwa yamefungwa kwenye gazeti lenye maji.

Kisha tukaweka harufu. Hapo ndipo palipokuwa na mjadala mrefu. Wengine walisema harufu haipimiki, kila mtu ana pua yake. Nikawajibu kwamba mpishi wa pilau hupimwa kwa harufu kabla sufuria haijafunuliwa, na harusini hakuna anayesema haipimiki. Mmoja wetu akakumbuka kuwa shule ya mchanganyiko iliyo jirani ina wanafunzi wasioona wanaosoma pamoja na wanaoona. Tukaomba ruhusa kwa walimu na wazazi, na jioni moja watoto wanne wasioona wakaja kuwa majaji wetu wa harufu.

Wale watoto walitufundisha kazi. Hawakukimbilia ua. Waligusa jani kwanza, wakalisugua taratibu, wakanusa vidole, kwa sababu mrehani na mchaichai harufu yake iko kwenye jani. Waliomba ukimya ili wasisumbuliwe na maneno yetu. Binti mmoja aliuliza kwa nini mwasumini wa nyumba fulani una harufu hafifu, akasema anahisi kama uko karibu na ukuta unaopata moshi. Ni kweli, palikuwa na jiko la mkaa la mama lishe upande wa pili. Walipofika kwa mjane wa nyumba ya tatu walikaa muda mrefu, na mmoja akasema, "Hapa pana mtu anayekaa nayo." Karatasi ya zamani ingeandika: vyungu vitatu, visivyopakwa rangi.

Jambo la mshindi mmoja tulilitatua kwa kuiga wenye maonyesho makubwa. Chama cha bustani cha Kifalme cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1804, huendesha maonyesho ya Chelsea, yanayofanyika London katika viwanja vilevile tangu mwaka 1913. Medali ya dhahabu pale haitolewi kwa mmoja aliyewapita wenzake. Bustani hupimwa dhidi ya kiwango, na wote waliofikia kiwango hicho hupata dhahabu, wawe wawili au kumi. Nilipolisikia hilo nilifurahi kana kwamba nimeokota fedha. Tukaamua kila nyumba itakayofikia alama zilizowekwa itapata bango la kutundika mlangoni, na zawadi ya pamoja, mfuko wa mboji na mkasi wa kupogolea, iende kwa jengo zima. Kuanzia hapo, jirani aliyefikia kiwango akawa anamsukuma jirani mwingine afikie, kwa sababu hakupoteza kitu mwenzake alipopanda.

Kuna alama tuliyolazimika kuiongeza kwa uchungu. Dengi ilipoupiga mji mwaka 2014, na tena mwaka 2019, maofisa wa afya walipita wakieleza kwamba mbu wake, anayeuma mchana, hutaga kwenye maji safi yaliyotuama, yakiwemo ya visahani vya chini ya vyungu vya maua. Walisema kweli. Wapo waliotaka maua yote yaondolewe, na kama kiongozi nisingeweza kutetea ua mbele ya mtoto mwenye homa. Tukapita nyumba kwa nyumba: visahani vikaondolewa au vikajazwa mchanga, mapipa yakafunikwa kwa chandarua, makopo yakatobolewa matundu upya. Kwenye karatasi tukaandika kwamba chombo kimoja chenye viluwiluwi vya mbu kinafuta alama zote za nyumba hiyo kwa mwaka mzima. Hakuna aliyelalamika. Bustani inayomuumiza jirani haistahili hata alama moja, na kanuni hiyo ilitusaidia pia katika kesi za maji yanayodondokea nguo za wa chini, ambazo nimeamua nyingi kuliko za mirathi.

Udongo tuliupata sokoni. Watu huliona soko la Kariakoo kama mahali pa kununua, mimi na wenzangu tuliliona kama mahali penye chakula cha mimea. Jengo lile la mwaka 1975, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lenye mapaa kama miavuli ya zege iliyopinduliwa na shimoni lake chini, lilitoa kila siku majani ya kabichi, maganda ya ndizi, mabaki ya miwa. Makumbi ya nazi tuliyaokota kwa wakuna nazi, tukayaloweka na kuyachambua, na hayo ndiyo siri ya bustani za ghorofani, kwa kuwa yanashika maji na hayaelemei zege kama udongo mtupu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lilipoungua, nilisimama na majirani nikitazama moshi. Maisha ya watu yalikuwa yanateketea mle ndani, na sikufikiria maua kabisa. Ni baadaye tu, wafanyabiashara walipotawanywa, ndipo tulipotambua kwamba hata mboji yetu ilitegemea jengo lile.

Uani wenyewe umekwisha. Nyumba za Kiswahili zimebomolewa moja baada ya nyingine, na ghorofa zimejengwa kutoka mpaka hadi mpaka wa kiwanja, maduka chini, maghala juu yake, wapangaji juu zaidi. Sina chuki na ghorofa. Wajukuu wengi wa Kariakoo wamesomeshwa kwa kodi zake. Lakini nyumba ya zamani ilimpa mwanamke ardhi ya futi chache bila kumuuliza ataifanyia nini, na jengo jipya halimpi. Maua ya plastiki yanauzwa kwa dazeni mitaa ileile, yananunuliwa kwa harusi na kwa makaburi, na sioni sababu ya kumlaumu anayeyanunua ikiwa mwenye asumini wa karibu yuko Mbagala.

Kilichobaki ni paa. Huko ndiko tulikohamishia mashindano yetu, na huko nimeona vitu ambavyo bibi yangu angevipenda: mkilua kwenye pipa la bluu, ukiegemea mnara wa tangi, waridi linalonyweshwa maji ya kiyoyozi yanayodondoka, kijana muuza vifaa vya simu anayechuma asumini alasiri, akazitunga mwenyewe, akampelekea mama yake. Nimeona pia milango ya kwenda juu iliyofungwa kwa kufuli na minyororo, na wapangaji wanaoomba ufunguo mwaka wa tatu sasa.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa halmashauri na wote wanaoandaa mashindano ya mazingira katika miji yetu: kabla hamjachapisha karatasi ya alama, nendeni mkaulize akina mama wa mtaa wanapanda nini na kwa nini, na harufu muipe safu yake. La pili ni kwa wenye majengo ya Kariakoo. Fungueni paa. Jengeni ukuta wa kumzuia mtoto asianguke, wekeni bomba moja la maji, na ufunguo mpeni mpangaji mmoja anayeaminika. Wapangaji watafanya yaliyobaki, na gharama ya bomba hilo haifikii kodi ya mwezi mmoja ya fremu moja ya duka lililo chini yake.